Mgeni wa Adhuhuri

Ishaka alirudi kutoka Bagamoyo siku ya Alhamisi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alimkuta Mwinjuma nje ya msikiti wa Mkange akivaa makubazi yake. Ishaka alikuwa mnunuzi wa ufuta, mtu wa safari, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Mwinjuma, mbona hukutuambia kama siku hizi umekuwa sultani?"

"Sultani wa wapi tena?"

"Nimekuona kwenye Kasri la Bagamoyo. Umetundikwa ukutani, ukumbi mkubwa wa juu. Watu wanaingia, wanakutazama, wanatoka."

Wanaume waliokuwa karibu wakacheka. Mwinjuma hakucheka. Ishaka akaeleza kuwa mvua ilimkuta mjini akiwa karibu na Kasri, akaingia kujikinga, na kwa kuwa mvua haikukatika akapanda juu kutazama picha kama watu wengine.

"Uso hauonekani," alisema. "Mtu mwenyewe kainama. Lakini mkono ule!" Akaunyooshea kidole mkono wa kushoto wa Mwinjuma, ambao mashine ya kukoboa mpunga iliuondolea vidole viwili. "Mkono ule ni wako, na kofia ni yako, hiyohiyo uliyovaa. Na chini pameandikwa jina la mchoraji. Swaumu."

Jina lile lilipotoka, kicheko kikakatika. Ishaka mwenyewe aliona alipofika, akateremsha macho. "Allah amrehemu," alisema.

"Amina," alijibu Mwinjuma, akaondoka bila kuaga.

Swaumu alikuwa mtoto wake wa pekee, binti. Habiba, mkewe, alimzaa katika mwezi wa Ramadhani baada ya ndoa yao kukaa miaka mingi bila mtoto, na ndiyo maana wakamwita jina hilo. Tangu utotoni mtoto alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Kila baridi ilipoingia, au akinyeshewa, viungo vilimuuma mpaka akajikunja kama jongoo. Hakuweza jembe wala kubeba ndoo ya maji. Siku alizoshinda ndani alichukua mkaa wa jikoni akachora ukutani: kuku, mbuyu, paka wa jirani. Mwinjuma alifuta, naye alichora tena. Baba alichukulia kuwa ni mchezo wa mgonjwa.

Alipofika kidato cha kwanza walimpeleka Bagamoyo kwa Ashatu, dada yake Habiba, ili awe karibu na shule na hospitali. Huko ndiko alikolijua Kasri. Zamani lilikuwa jumba la mtawala mmoja wa pwani, la mawe na chokaa, ghorofa mbili, milango ya kuchongwa. Mtawala na kizazi chake walikwisha kitambo, na jumba likakaa na popo kwa miaka. Baadaye likakarabatiwa, likafanywa nyumba ya picha ya umma, kila mtu anaingia. Chumba cha nyuma kilikuwa na darasa la Jumamosi, na mwalimu wake alikuwa Methodius, mchoraji aliyelelewa kwenye familia ya watu wa misheni. Swaumu aliingia darasa hilo akiwa na miaka kumi na sita, akawa hatoki.

Likizo moja alirudi Mkange na zawadi. Ilikuwa picha ya bibi yake, mama yake Mwinjuma, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimchora kwa kumbukumbu tu, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, uso wake wote na mikunjo yake, na lile jicho moja dogo kuliko jingine. Habiba alipoiona alishika mdomo. Mwinjuma aliitazama, kisha akamgeukia mtoto.

"Nani kakupa ruhusa ya kumchora mama yangu?"

"Nimekuchorea wewe, baba."

"Hujui kwamba siku ya Kiyama mchora sura ataambiwa azipulizie roho sura alizozichora? Utaweza? Utampulizia bibi yako roho?"

Hakungoja jibu. Aliichukua picha akaiingiza motoni, chini ya chungu cha maharage kilichokuwa kinachemka. Swaumu hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama akaangalia karatasi inavyojikunja, kisha akaingia chumbani akafunga nguo zake. Alipokuwa mlangoni baba yake alimwambia, "Ukiacha hayo mambo, nyumba ni yako. Usipoyaacha, usinijie." Naye akasema, "Nimesikia, baba." Akaenda zake Bagamoyo, wala hakurudi tena kwa miguu yake.

Ugonjwa ulimzidi mwaka uliofuata. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na mara ile ya pili kifua kikambana na hakutoka. Walimleta Mkange wakamzika. Mwinjuma aliingia kaburini mwenyewe kumpokea, na tangu siku ile alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwenda shamba, alikwenda msikitini, alikula alichopewa. Jina la mtoto halikutajwa nyumbani.

Sasa Ijumaa hii alifika nyumbani akamkuta Habiba anaanika mihogo.

"Mama Swaumu."

Habiba aligeuka haraka. Hakuwa ameitwa hivyo muda mrefu.

"Ishaka anasema kuna picha Bagamoyo. Kwenye Kasri. Anasema ni mimi, na aliyechora ni mtoto."

Habiba aliendelea kupanga mihogo. "Naijua," alisema. "Nimeiona."

"Umeiona lini?"

"Baada ya arobaini, nilipokwenda kwa Ashatu kuchukua nguo zake. Ashatu alinipeleka."

"Na siku zote hizo umenyamaza?"

"Na wewe umenyamaza."

Mwinjuma hakuelewa anaambiwa nini. Alikaa kwenye kibao, akavua kofia, akaishika mapajani. Kilichokuwa kikimuumiza hakikuwa aibu ya kutazamwa na watu. Alikuwa akifikiria kaburi. Mtoto yuko chini ya udongo, hana la kufanya tena, na huku kazi ya mkono wake iko wazi ukutani, kila anayeitazama anamwongezea mzigo. Hilo ndilo alilolielewa katika dini yake, na aliliamini kwa moyo wote.

"Kesho nakwenda kuiteremsha," alisema. "Nikiiondoa, atapumzika."

"Twende wote," alisema Habiba. "Ila niahidi jambo moja. Uitazame kwanza, ndipo uiteremshe."

Kulipokucha walichukua bodaboda mpaka Miono, wakapata gari la Msata, na kutoka Msata wakapanda jingine la Bagamoyo. Mwinjuma alikuwa amekunja kiroba kitupu cha mchele chini ya kwapa, cha kufungia picha. Njia nzima hawakuzungumza, isipokuwa mara moja Habiba alipomuuliza kama anasikia kiu.

Kasri lilikuwa limepakwa chokaa upya. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na wanafunzi waliovaa sare walikuwa wakitoka wakisukumana. Mwinjuma hakuuendea mlango ule. Alizunguka jumba kwa upande wa kisima mpaka alipoona mlango mdogo wa nyuma, akabisha hodi hapo. Katika ukoo wao ilisimuliwa kwamba babu wa babu yake alikata boriti za dari ya jumba lile kwenye mikoko ya kaskazini, akazileta, akazipandisha, na kazi ilipokwisha hakuruhusiwa tena kuvuka jikoni, akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Mwinjuma hakuwa amekusudia kufuata hadithi ile. Miguu ilimpeleka tu.

Aliyefungua alikuwa mwanamume wa makamo, ana rangi ya bluu kwenye kucha.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Karibuni, lakini mlango wa wageni uko mbele." Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa kushoto wa Mwinjuma, yakabaki hapo. Sauti ikapungua. "Wewe ni baba yake Swaumu."

"Ndiye mimi. Na wewe ni Methodius."

"Ndiye. Nilikuja Mkange kwenye maziko, mzee. Nilisimama nyuma kabisa, sikuona kama ni pahala pangu kusogea."

"Nimekuja kuchukua picha," alisema Mwinjuma.

Methodius alimtazama Habiba, Habiba akainamisha kichwa. "Picha ni ya mtoto wenu," alisema Methodius. "Ukisema unaichukua, hakuna wa kukuzuia hapa. Twendeni juu."

Wakapanda ngazi. Mwinjuma alikuwa na haraka, kiroba mkononi. Ukumbi ulikuwa mrefu, madirisha wazi upande wa bahari, na juu boriti nyeusi zimepangana. Ndipo mtawala alipokuwa akibarizi na watu wake. Kuta zilijaa picha: masoko, ngoma, mitumbwi, nyuso za watu asiowajua. Methodius hakusema ni ipi. Akasimama katikati ya ukumbi akangoja.

Mwinjuma aliiona mwenyewe, ukuta wa mwisho.

Alitarajia kujiona shambani ameshika jembe, au mlangoni pake. Haikuwa hivyo. Ilikuwa wodi ya hospitali. Ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu, kitanda cha chuma, chandarua kimefungwa fundo juu. Kando ya kitanda, kwenye benchi, amekaa mwanamume mwenye kanzu iliyochakaa, ameinama mbele amelala, kofia imemteremkia usoni kote. Makubazi ameyavua ameyaweka sawasawa chini, kama mtu anayeingia msikitini. Miguu yake ina vumbi la safari. Mkono wa kulia uko mapajani. Mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu, umelala kwenye ukingo wa shuka, karibu sana na mahali ambapo mguu wa mgonjwa umeinua shuka, lakini haujaugusa. Picha nzima imetazamwa kutoka kwenye mto wa kulalia, kwa jicho la mtu aliyelala kitandani.

Kiroba kilimponyoka Mwinjuma.

Hakuna mtu duniani aliyejua kwamba alikwenda. Hivyo ndivyo alivyoamini. Swaumu alipolazwa mara ya kwanza, Habiba alimsihi aende, naye akaapa mbele yake kwamba hamwendei mtoto asiyemtii. Habiba alikuwa akienda siku zake na kurudi. Kisha, siku ambazo Habiba yuko nyumbani, Mwinjuma alisema anakwenda Msata kutafuta mbegu, akapitiliza mpaka Bagamoyo. Alifika adhuhuri, wakati ambao Ashatu alikuwa amerudi nyumbani kupika. Kila mara alimkuta mtoto amelala. Alikaa kwenye benchi. Alijiambia, akifungua macho nitasema naye. Nitamwambia tu, "Unaendeleaje, mama?" Kilikuwa kitu chepesi. Akaketi akangoja, mara nyingine uchovu wa njia ukamchukua naye akasinzia, mpaka kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikagongwa, akavaa makubazi akaondoka. Mtoto hakufungua macho hata siku moja.

"Alinichora lini?" aliuliza.

"Alianza kwa penseli, hukohuko wodini," alisema Methodius. "Kila ukiondoka alichora kidogo. Siku moja mguu, siku nyingine mkono. Alipotoka hospitali akaja hapa, akaifanya kwa rangi. Alikuwa anakaa kwenye kiti pale dirishani kwa sababu kusimama kulimchosha. Aliimaliza, na haikupita muda akarudi kulazwa."

"Alikuwa macho."

"Ndiyo, mzee."

"Siku zote nilizokwenda?"

Methodius alimgeukia Habiba. Habiba alikuwa amekaa kwenye sakafu karibu na mlango, ametandaza kanga yake miguuni, anawatazama.

"Mwambie," alisema Habiba. "Uliyoniambia mimi, mwambie na yeye."

"Nilimuuliza," alisema Methodius. "Nilimuuliza kwa nini hakusema nawe. Akanijibu, 'Nikifungua macho, ataondoka.'"

Mwinjuma aliweka mkono ukutani. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama, na Methodius akadhani anaanguka, akasogea, lakini Habiba akamfanyia ishara amwache.

"Mimi nilikuwa nangoja afungue," alisema Mwinjuma. "Nilikuwa nangoja afungue tu."

Chini uani wanafunzi walikuwa wanaitwa na mwalimu wao wapande gari. Kelele zao zikafifia.

Baada ya muda Mwinjuma aliinua uso, akaitazama picha tena, safari hii kwa karibu. "Uso hakuuchora," alisema.

"Hakuuchora. Nilimwambia mimi kama mwalimu wake, kwamba picha ya mtu bila uso inakuwa pungufu, watu watataka kumjua ni nani. Akakataa. Akasema, 'Uso wa baba sina ruhusa nao.' Alikwenda kwa mwalimu mmoja wa madrasa hapa mjini, akamuuliza kuhusu picha. Huyo mwalimu akamwambia kwamba wako wanazuoni wanaosema sura ni kichwa na uso, na pasipo na uso hapana sura. Alirudi kutoka huko amefurahi, nakumbuka, ametembea kwa miguu juani mpaka nikamgombeza. Akaishusha kofia ile mpaka kidevuni. Ilikuwa imeshuka kidogo tu kwenye mchoro wa penseli, yeye akaishusha yote." Methodius aliielekeza mkono ile picha. "Alitaka mje muione, mzee. Alisema akipata nafuu atakwenda Mkange mwenyewe akuite. Alisema hii haina kosa, baba ataitazama."

Mwinjuma alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alipomfikia mkewe, akakaa sakafuni karibu naye. Methodius alileta kiti, akakikataa kwa mkono. Methodius akashuka chini, akawaacha.

Walikaa wawili katika ukumbi ule. Wageni waliingia, wakawapita, wakazungumza kwa sauti ya chini. Msichana mmoja na mwenzake walisimama mbele ya picha ya Swaumu kwa muda. Mmoja akasoma jina kwa sauti. "Swaumu," alisema, na kumwambia mwenzake, "huyu baba kachoka, maskini." Wakaendelea na picha nyingine.

"Ndivyo ulivyojua," Mwinjuma alimwambia mkewe walipobaki peke yao. "Kwamba nilikuwa nakwenda."

"Ndivyo nilivyojua. Kabla ya hapo, wallahi, baba Swaumu, nilikuwa nimekukinai. Nilikuwa nakupikia chakula huku nasema moyoni, huyu ni jiwe, kamwacha mwanangu afe bila baba. Nilikuwa nafikiria kurudi kwetu. Nikaja hapa, nikauona mkono wako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Nikasema, leo atasema, kesho atasema. Na wewe ukawa unanyamaza, nikaona nikikulazimisha nitakuwa nimekunyang'anya neno lako."

Adhana ya alasiri ililia kutoka msikiti wa karibu. Mwinjuma alishuka akaenda kusali, na alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi alimkuta Methodius ameshapanda na ngazi ya mbao na kitambaa safi, tayari kama itahitajika.

"Nitaichukua," alisema Mwinjuma. "Si ya kuchoma. Nitakwenda nayo nyumbani."

Methodius akaanza kufungua ngazi, lakini Habiba akasimama katikati.

"Isiende."

"Mama Swaumu, ni kitu chake. Hatuna kingine."

"Nyumbani utaifunga kwenye kiroba na kuisukuma chini ya kitanda, na siku hutaki kuiona hutaiona. Nakujua. Nasi tutarudi kulekule, nyumba isiyo na jina lake. Hapa hujasikia? Mtoto wa watu kapita, hamjui, kalitaja jina lake. Tangu tumzike, umelitaja mara ngapi wewe?"

Mwinjuma alimtazama Methodius kana kwamba atapata msaada kwake, naye Methodius akawa anakunja kitambaa. Basi akakiokota kile kiroba chake kitupu pale kilipoangukia, akakikunja.

"Iache," alisema. Kisha akauliza jambo ambalo lilionekana kumsumbua. "Hapo chini pameandikwa Swaumu peke yake."

"Ndivyo alivyoandika yeye. Kazi zake zote ndivyo. Nilidhani hakutaka..." Methodius akaacha hapo.

"Andika Swaumu binti Mwinjuma," alisema Mwinjuma. "Kama inafaa kuandika."

"Inafaa, mzee."

Alichukua kalamu yenye wino mzito, akaandika kwenye kadi mpya kwa mwandiko wa taratibu, akaibandika ukutani mahali pa ile ya zamani. Mwinjuma alisimama akaisoma. Habiba, ambaye hakujua kusoma vizuri, alipitisha kidole chini ya herufi moja moja mpaka mwisho. Methodius aliwashindikiza mpaka mlango mkubwa wa mbele, wakatoka kwa mlango huo.

Walipofika Msata gari la Miono lilikuwa bado halijajaa. Wakakaa kwenye benchi la mama lishe wakaagiza chai. Mwinjuma hakuinywa. Habiba alimwacha, kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za shamba:

"Hukwenda mikono mitupu, najua. Ulikuwa unampelekea nini?"

"Machungwa," alisema Mwinjuma. "Ya ule mti wa nyuma. Nilikuwa nayaweka kwenye kijikabati cha kitanda, kwenye mfuko, nikaondoka. Sijui nani aliyala. Labda wagonjwa wenzake."

Habiba aliweka kikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake kubadilika.

"Ashatu alinieleza," alisema. "Alisema yale majuma mtoto hakuwa anapitisha kitu. Uji alirudisha, wali hakuutaka, hata maji alilazimishwa. Kitu alichokula ni machungwa. Kila Ashatu akirudi na chakula anakuta mfuko, na Swaumu anamwambia, 'Mama mdogo, nimenyee moja.' Ashatu akidhani ni ya mgonjwa wa kitanda cha pili, anampa huku anaona haya. Alikuwa akila mpaka ile kamba nyeupe, haachi kitu."

Mwinjuma alikaa akisikiliza. Mama lishe alikuja kuuliza kama wanaongeza sukari, akawaona, akarudi. Ndipo Mwinjuma alipolia. Maziko hakulia, arobaini hakulia, na ukumbini mbele ya picha hakulia. Alilia hapo kituoni, na magari yakipita, mabega yakimpanda na kushuka, mkono wenye vidole vitatu umefunika macho. Watu waligeuka kumtazama mzee anayelia, wakageuza nyuso zao kwa heshima.

Habiba hakumbembeleza. Alikuwa na yake. Alisema polepole, bila hasira, lakini bila kumpunguzia, "Ungeniambia, tungekwenda wote. Ungeingia na mimi, ningemwambia, Swaumu, amka, baba yako huyu hapa."

"Najua," alisema Mwinjuma.

"Lilikuwa jambo la neno moja."

"Najua, mke wangu. Najua."

Utingo akaita abiria wa Miono. Habiba alilipia chai, akamshika mumewe mkono wakavuka barabara. Garini walipata nafasi kiti cha nyuma, karibu na magunia ya unga. Gari lilipoacha lami na kuanza kuruka kwenye mashimo, Mwinjuma alianza kusimulia. Alianza siku ya kwanza aliyokwenda hospitali, alivyopotea na kuingia wodi ya wazazi, wauguzi wakamcheka. Alieleza shuka ilikuwa ya rangi gani. Alieleza kuwa siku moja nywele za Swaumu zilikuwa zimesukwa upya, na akajiuliza ni nani aliyemsuka.

"Mimi," alisema Habiba. "Nilikuwa nimemsuka jana yake."

"Zilimpendeza."

Habiba alifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia aendelee. Naye akaendelea, akilitaja jina la mtoto kila mara, Swaumu hivi, Swaumu vile, mpaka giza likaingia na taa za Miono zikaonekana mbele.